Namna ya kulitumia neno "quite" bila kujiponza

Miaka michache iliyopita dada mmoja aliyekuwa akihudhuria darasa langu la jioni hapa Area C, Dodoma, aliniomba nimwandikie barua ya kumpendekeza. Alikuwa anaomba nafasi ya mafunzo ya miezi sita Uingereza. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa akitoka kazini saa kumi na moja, anapanda daladala na njaa yake, anafika darasani kabla ya wenzake. Hata zile jioni za Januari ambazo mvua ya saa moja tu inatosha kufurisha makorongo yote ya mji, yeye alikuja na viatu mkononi. Nikaketi usiku nikaandika kwa moyo wote: "Her English is quite good and she is quite reliable."

Nafasi hakupata. Baadaye nilimwonyesha nakala ya barua ile mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha hapa mjini. Akaisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, ulikuwa na mashaka naye?"

Sikuwa na mashaka hata chembe. Nilichokuwa nacho ni kamusi iliyonieleza kwamba "quite" ni "kabisa". Nilidhani nimeandika kwamba Kiingereza chake ni kizuri kabisa na kwamba ni mtu wa kutegemewa kabisa. Msomaji wa kule alisoma kwamba Kiingereza chake si kibaya, na kwamba unaweza kumtegemea, kwa kiasi. Siwezi kusema barua ndiyo iliyomkosesha nafasi, kwani waombaji walikuwa wengi. Lakini najua haikumsaidia, na jambo hilo liliniuma. Tangu hapo neno hili nimelichunguza kama mtu anayechagua mchele, na haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata.

Nawaandikia katibu muhtasi anayejibu barua pepe kule Mtumba, mwanafunzi wa UDOM anayeandaa maombi ya masomo, mhudumu wa hoteli, na kijana anayewapandisha wageni kwenye michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza tukakuta kila kitabu kimegeuka Kiingereza. Tukayakariri maneno kwa orodha, neno moja maana moja, kwa sababu muda haukuruhusu zaidi. Kwa "table" na "goat" njia hiyo inafaa. Kwa "quite" inaponza.

Hatua ya kwanza: likubali lilivyo, na sura zake mbili

"Quite" ni kielezi cha kukoleza, kama zilivyo kwetu sana, mno na kabisa. Tofauti yake ni kwamba kuna mahali linakoleza na kuna mahali linapunguza. Sura ya kwanza ni "kabisa". Sura ya pili ni "kiasi", "si haba", "si mbaya". Kamusi yangu haikunidanganya. Ilinipa sura moja ikaficha ya pili.

Inasaidia kujua lilikotoka. "Quite" ni la ukoo mmoja na "quit" na "quiet", na babu yao ni neno la Kilatini "quietus", yaani aliyetulia. Lilipopita kwenye Kifaransa cha zamani likawa na maana ya mtu aliye huru, asiyedaiwa. Mfikirie mtu aliyelipa deni lake lote, habakizi hata senti. Hapo ndipo ilipozaliwa maana ya "kabisa", na ndiyo iliyotangulia. Maana ya "kiasi" ilikuja baadaye, baada ya neno kusemwasemwa mpaka nguvu yake ikapoa. Leo Mwingereza anazo zote mbili mdomoni na hachanganyikiwi, kwa sababu sikio lake linatazama neno linalofuata. Nasi tunaweza kutazama hapohapo.

Hatua ya pili: jaribu neno linalofuata kwa "kiasi"

Hii ndiyo hatua ninayotaka uishike hata kama mengine yote yatakutoka. Ukikutana na "quite", angalia kivumishi kilichokuja baada yake. Kitafsiri kwa Kiswahili, kisha kiambatishe neno "kiasi" uone kama kinakubali.

Chukua mbuzi mnadani Msalato. Unaweza kusema mbuzi huyu amekonda kiasi? Unaweza, na mwenye mbuzi atakuelewa, na bei mtaanzia hapo. Basi "The goat is quite thin" maana yake amekonda kiasi. Sasa, unaweza kusema mbuzi amekufa kiasi? Huwezi. Kufa hakuna daraja. Amekufa au hajafa. Basi "The goat is quite dead" maana yake amekufa kabisa.

Jambo lenyewe ndilo hilo. Kuna maneno yenye ngazi: baridi, moto, refu, zuri, chovu, ghali. Mtu anaweza kupanda na kushuka juu yake. Mbele ya maneno hayo "quite" linakuwa "kiasi". Na kuna maneno yenye kikomo: kufa, kutowezekana, peke yake, kwisha. Ukifika umefika. Mbele ya hayo "quite" linakuwa "kabisa".

Kiswahili chetu kinaijua tofauti hii tangu zamani, ndiyo maana kina viigizi vinavyokaa kwenye kikomo tu: nyeupe pe, nyeusi ti, kimya jii, giza totoro, kujaa pomoni. Hakuna atakayekwambia usiku ulikuwa giza totoro kiasi. Kwa hiyo usijione mgeni wa kanuni hii. Sikio lako limeibeba tangu utotoni. Tunachofanya ni kuiazima kwa ajili ya Kiingereza.

Zoezi. Chukua daftari, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika maneno yanayokubali "kiasi", kulia yasiyokubali, kisha soma kwa sauti.

"It is quite cold in July." Baridi ina ngazi, na upepo wetu wa Julai unaujua mwenyewe: kuna baridi kiasi.

"The road is quite long." Njia ni ndefu kiasi.

"It is quite impossible." Haiwezekani kabisa.

"She was quite alone." Alikuwa peke yake kabisa.

Zipo pia jozi za maneno yanayozungumzia jambo moja lakini moja lina ngazi na jingine tayari limefika kileleni. "Tired" ni kuchoka. "Exhausted" ni kuchoka hoi. "Good" ni zuri. "Excellent" ni zuri lililopita mengine. "Tasty" ni kitu chenye ladha. "Delicious" ni kile kinachokufanya ulambe vidole. Hivyo "I am quite tired" ni nimechoka kiasi, lakini "I am quite exhausted" ni nimechoka kabisa, sijiwezi. Ukimwambia mwenyeji wako Mwingereza "The food is quite tasty", umemwambia chakula si kibaya. Ukisema "The food is quite delicious", umemsifu. Sahani ni moja, "quite" ni lilelile, ila neno la pembeni limebadilika na uzito wote umehama.

Na hapa nitoke kidogo nje ya njia, kwa sababu nimelisikia mara nyingi. Nyama choma ikiwa nzuri sisi tunasema nyama tamu. Usiende ukasema "The meat is quite sweet". "Sweet" ni utamu wa sukari, na mgeni atadhani mmeitia asali.

Hatua ya tatu: kariri yale yanayokataa jaribio

Jaribio la "kiasi" linafaa mara nyingi, si mara zote. Kuna maneno machache ambayo Kiswahili kinayaruhusu kupata "kiasi", ila Kiingereza kimeyaweka upande wa kikomo. Haya hayana njia ya mkato, yakariri.

La kwanza ni "different". Sisi tunaweza kusema vitu viwili vinatofautiana kiasi. Lakini "quite different" ni tofauti kabisa. Huwa napenda kulifundisha kwa michoro ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Pale miambani kuna michoro myekundu ya watu na wanyama, na kuna mingine ya baadaye iliyochorwa kwa rangi nyeupe. Anayeongoza wageni akisema "The white paintings are quite different from the red ones", amesema ni tofauti kabisa, na hajakosea. Akitaka kusema tofauti ni ndogo, aseme "a little different".

Mengine ni "sure" na "certain", kuwa na hakika, "right", kuwa sahihi, "wrong", kukosea, na "clear" pale linapomaanisha jambo lililo wazi. "I am quite sure" ni nina hakika kabisa. "You are quite right" ni umesema kweli tupu. Ila "Are you quite sure?" ikitoka kwa mkuu wako ofisini, sikiliza vizuri. Kwa maneno anakuuliza kama una hakika kabisa, lakini mara nyingi ana wasiwasi na hesabu zako na anakupa nafasi ya kuzirudia. Zirudie.

Hatua ya nne: sikiliza sauti, na ujue msemaji katoka wapi

Kwenye karatasi unalo neno linalofuata tu. Kwenye mazungumzo una kitu cha ziada, nacho ni mkazo wa sauti.

Mwingereza akikaza neno la pili, "quite GOOD", anasifu: ni nzuri, na huenda hakuitarajia. Akikaza lile la kwanza, "QUITE good", hasa kama sauti inashuka halafu inainuka kidogo mwishoni, ameacha jambo. Unaweza kusubiri "but" ifuate, na hata isipofuata, ipo moyoni mwake.

Mwanafunzi wangu mmoja, mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni hapa mjini, alinisimulia kisa chake. Mgeni Mwingereza alipewa chumba, akazunguka, akarudi akasema, "It's QUITE nice." Kijana akashukuru kwa furaha, akarudi mezani. Asubuhi mgeni akafunga mizigo akahamia kwingine. Kumbe bomba la maji ya moto halikuwa likifanya kazi, na lile "quite" ndilo lilikuwa lalamiko lake. Yule kijana hakufanya uzembe. Hakuna aliyewahi kumfundisha kusikia lalamiko lililovikwa sifa. Tulikaa tukafanya mazoezi ya jibu moja tu: "Is there anything we can do to make it better?" Ukisikia "quite" lililokazwa, uliza hivyo kabla mgeni hajafungua begi.

Sasa Mmarekani. Kwake "quite" kwa kawaida halipunguzi. "Quite good" ya Mmarekani iko karibu sana na "very good". Ile barua yangu ingefika Marekani, dada yangu angeonekana vizuri zaidi kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo mgeni wa Kimarekani akishuka kutoka kwenye miamba ya Kolo akasema "That was quite good", mshukuru, amefurahi kweli. Akiwa Mwingereza, mshukuru pia, halafu uulize.

Na wewe unapoandika? Kama hujui barua itasomwa na nani, usitumie "quite" mbele ya neno lenye ngazi. Huo ndio msimamo wangu na sijaona sababu ya kuubadili. Neno ambalo wasomaji wawili wanalielewa kwa namna mbili halifai kubeba jina la mtu.

Hatua ya tano: liweke mahali pake

Hapa wengi wetu tunakosea kwa sababu ya "very". "Very" hukaa baada ya "a": "It was a very long journey." "Quite" husimama kabla yake: "It was quite a long journey." Jizoeze kwa safari unayoijua. Treni ya SGR ilipoanza kuleta abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika habari za safari zao. Daftari baada ya daftari nilikuta "It was a quite fast train". Inaeleweka, lakini sikio la Mwingereza linakwama kidogo. "It was quite a fast train" inateleza.

Mbele ya maneno ya kikomo utakuta "a quite different matter" na mengine ya namna hiyo kwenye maandishi, na si kosa. Anayeanza ashike "quite a", hatapotea.

Kuna na "quite a" isiyokuwa na kivumishi, na hii ina nguvu yake. "It was quite a journey" maana yake ilikuwa safari hasa, safari ya kusimuliwa. "There was quite a crowd" ni watu walifurika. Si lazima iwe sifa. Kule Kongwa Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, na mwaka 1951 wakauacha baada ya fedha nyingi kupotea kwenye ardhi ngumu na mvua haba. Mtu akiandika "It was quite a failure", amesema kwamba kushindwa kule kulikuwa kushindwa kwelikweli.

Halafu iko "quite a few", ambayo imewapoteza wengi. "A few" ni wachache, hivyo mtu anadhani "quite a few" ni wachache sana. Ni kinyume chake: ni wengi. Hapa Kiswahili kina tafsiri inayokaa kama kifuniko kwenye chungu chake: si haba. Haba ni chache, na si haba ni nyingi za kutosha. "Quite a few people came" ni watu walikuja si haba. "Quite a lot of rain" ni mvua si haba, na atakayesema hivyo Dodoma atakuwa na shukrani moyoni. "We waited quite a while" ni tulingoja kitambo kirefu.

Hatua ya sita: jifunze "not quite", kwa sababu itakusaidia kazini

Hili ni kati ya maneno yenye adabu zaidi katika Kiingereza. "Not quite" maana yake ni bado kidogo, au karibu lakini si hasa. "The report is not quite ready" ni ripoti imebaki kidogo. "That is not quite right" ni njia ya upole ya kumwambia mtu amekosea. "I don't quite understand" ni sijaelewa vizuri, na unaweza kuisema mbele ya yeyote, hata mkurugenzi, bila kuonekana mkorofi wala mjinga. Ukilazimika kumrekebisha mtu aliyekuzidi umri, yule ambaye kwa Kiswahili ungeanza na shikamoo na samahani, "not quite" inafanya sehemu ya kazi hiyo.

Angalia mtego mmoja. Sisi tunasema "si nzuri sana". Usiitafsiri "not quite good". Sema "not very good". "Not quite" inataka kitu kinachokaribia kikomo: tayari, sahihi, kamili, sawa. Haitaki "good", "big" wala "cold".

Hatua ya saba: pamoja na vitenzi

Hii ni fupi. Vitenzi vya kupenda vinachukua sura ya "kiasi": "I quite like it" ni naipenda kiasi, na "I quite enjoyed it" ni nilifurahia kiasi. Vitenzi vya kukubali na kuelewa vinachukua "kabisa": "I quite agree", nakubaliana nawe kabisa, "I quite understand", naelewa kabisa. Ukipewa zawadi, achana na "I quite like it", hasa mbele ya aliyekupa.

Mengine yamekwishaganda, yachukue yalivyo. "That's quite all right" ni hamna shida, usijali. Ni jibu zuri mtu akikuomba radhi. "Quite so", au "Quite" peke yake, ni naam, hasa. "That's quite enough" ni inatosha kabisa, lakini ndivyo mzazi anavyomkaripia mtoto anayepiga kelele, hivyo mezani ukiongezewa chakula sema "I've had plenty, thank you."

Hatua ya nane: makosa mawili ya mwisho ya kuangalia

La kwanza ni kulinganisha. Usiseme "quite bigger" wala "quite cheaper". Kitu kikizidi kingine kwa mengi, sema "much bigger". Kikizidi kidogo, "a bit bigger". Kuna moja tu iliyoruhusiwa, "quite better", nayo ni ya mgonjwa aliyepona kabisa.

La pili ni herufi. "Quite" linatamkwa "kwait", pigo moja. "Quiet", kimya, linatamkwa "kwaiet", mapigo mawili. "Quit", kuacha, ni "kwit". Kwenye korido ya nyumba moja ya kulala wageni nimewahi kuona bango lililoandikwa kwa wino mwekundu, "Please be quite", na nadhani lipo hadi leo. Sina la kumlaumu aliyeliandika. Kompyuta haipigi mstari chini ya neno hilo kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Njia yangu ni hii: katika "quiet" herufi "e" inatangulia "t", na ninalitamka polepole, kwai-et, huku nikiandika. Mkono unafuata mdomo.

Hatua ya tisa: badala ya "quite", nini?

Ukitaka ngazi, zipo. Kwa Mwingereza, "fairly good" iko chini kidogo ya "quite good". Juu ya "quite" kuna "rather" na "pretty", halafu "very", halafu "extremely". "Pretty" ni la mazungumzo, usiliweke kwenye barua rasmi. Na usikimbilie "too" kwa kudhani ni "mno". Kwetu "nzuri mno" ni sifa. "Too" ni kupita kiasi mpaka pakawa na tatizo: "too hot to drink" ni moto mno, hainyweki.

Barua ya kumpendekeza mtu ndiyo mahali pa kuwa mwangalifu kuliko kote. Futa kila "quite" lililo mbele ya "good", "reliable", "hardworking". Kama unamaanisha sana, andika "very". Halafu fanya kilicho bora zaidi, eleza alichokifanya, kwa sababu kazi aliyoifanya mtu haipunguzwi na kielezi chochote.

Mwaka jana yule dada alirudi kuniomba barua nyingine. Nilimwomba tuiandike tukiwa wote, mezani kwangu, kamusi ikiwa imefungwa. Nilianza hivi: "Her English is very good. In three years she has not missed a single class, and she now writes her office's monthly report in English without help." Akasoma, akaniuliza, "Mwalimu, safari hii 'quite' hatuliweki?"

Nikamwambia tunaliweka, mara moja, mstari wa mwisho. Nikamwachia kalamu aandike yeye mwenyewe huku nikimsomea: "I am quite certain that she will do well." Akasimama kwenye "certain", midomo ikimchezacheza, akilijaribu kwa "kiasi". Kisha akakumbuka kwamba hilo ni kati ya yale ya kukariri, akaandika.